DNA na mambo ya polisi: majibu ya maswali yenu

Tunaambiwa binadamu wote DNA zetu (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) zinafanana karibu kabisa, sasa polisi wanatutofautishaje?

Ni kweli zinafanana, ndo maana hawasomi zote, wanaenda sehemu chache tu ambazo hazina kazi ya kutengeneza protini, na humo herufi za DNA (A, T, G na C, kemikali zinazoiunda) zinajirudia kama sisi tunavyosema polepole, kidogokidogo. Mfano sehemu inayoitwa TH01, iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba DNA) ya 11, utakuta AATG AATG AATG, nakala uliyopewa na mama imerudi mara 6, ya baba mara 9, basi hapo wewe ni 6,9. Watu wa 6,9 wapo kibao, ila ukipima sehemu 20 kama FBI, wapelelezi wa Marekani, wanavyofanya tangu 2017 (zamani zilikuwa 13) kumpata mwingine mwenye namba zote zilezile ni ngumu mno, labda pacha wako wa kufanana.

Namba hizo zinaonyesha magonjwa yangu?

Hazijachaguliwa kwa ajili hiyo, ni kuhesabu marudio tu. Cha kuulizia ni ile sampuli yenyewe, damu au mate, inatunzwa wapi na mpaka lini, maana humo ndo kuna kila kitu chako.

Hii kitu si ni ya kufungia watu tu?

Hapana jamani, na hili linanigusa sana. Mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aliona kwa mara ya kwanza mistari ya DNA inayotofautisha watu kwenye filamu ya eksirei asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984. Karibu na mji huo wa Leicester wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wamebakwa na kuuawa, mmoja 1983 mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alishakiri kifo kimoja. Jeffreys akapima, shahawa zote mbili ni za mtu mmoja na siyo huyo kijana! Akaachiwa. Polisi wakapima wanaume maelfu, muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, akamtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake, yule akaja kuropoka baa, ndo wakamkamata Pitchfork 1987.

DNA yangu ikikutwa kwenye tukio nimekwisha?

Bado. Inasema ni yako, haisemi ilifika lini wala ilifikaje, siku hizi chembe chache tu zinatosha kupimwa, kwahiyo ata koti ulilomwazima mtu mwezi uliopita jasho lako bado liko kwenye kola.