Taja dola ya nani kabla sijalipa

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama maduka ya mtandaoni yalazimishwe kuonyesha bei kwa sarafu ya nchi anayoishi mnunuzi. Mimi naishi Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada. Kazi yangu ni ushonaji, na sindano na vipuri vingi vya cherehani naviagiza Marekani. Jibu langu ni kwamba yasilazimishwe kubadili bei, bali yalazimishwe kutaja sarafu. Kwa tunaoishi Kanada hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa akiona alama ya dola anajua papo hapo kwamba hiyo si shilingi. Sisi pesa yetu nayo ni dola, na alama yake ni ileile ya Marekani. Duka linaandika $80, halafu linanyamaza. Tuseme dola moja ya Marekani inauzwa 1.40 za Kanada, kiwango kisicho mbali na tulichokizoea miaka hii ya karibuni. Hiyo 80 ni 112. Kadi nyingi za mkopo za hapa zinaongeza asilimia 2.5 kwa malipo ya fedha za kigeni, inakuwa 114.80. Mzigo ukiingia Ontario kuna kodi ya mauzo ya asilimia 13, dola 14 na nusu nyingine, kisha kampuni iliyouleta inadai ada yake ya kukushughulikia forodha. Umeshavuka 130 na boksi bado hujalifungua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Tangu Julai 2020, kwa mkataba mpya wa biashara kati ya Kanada, Marekani na Mexico, kifurushi kinacholetwa na kampuni ya usafirishaji kutoka nchi hizo mbili hakitozwi kodi ya mauzo kama thamani yake haizidi dola 40, na hakitozwi ushuru wa forodha mpaka dola 150. Kikija kwa posta kikomo ni 20 tu. Hizo zote ni dola za Kanada. Sasa chukua kitu cha "dola 35". Kama ni za Kanada, kinapita bila kodi. Kama ni za Marekani, ni 49, umeshaingia kwenye kodi na pengine ile ada ya kampuni ya usafirishaji juu yake, ambayo kwa kitu kidogo inaweza kuizidi kodi yenyewe. Neno moja likikosekana mbele ya bei, hesabu yote inageuka.

Wanaoumia zaidi ni wenye biashara ndogo. Dada mmoja wa jumuiya yetu ana saluni ya kusuka, na alijiunga na programu ya kupokea miadi ya wateja. Ukurasa ulisema 29 kwa mwezi. Taarifa ya kadi ilipofika iliandika 41 na senti zake, mwezi uliofuata ikawa tofauti tena. Akapiga simu benki akidhani ameibiwa. Mhudumu akamweleza kwamba ni dola za Marekani, na kiwango hubadilika. Tulirudi pamoja kwenye ukurasa ule kutafuta neno USD. Lilikuwepo, chini kabisa ndani ya masharti, kwa maandishi madogo ya kijivu. Mtu anayepanga matumizi kwa senti hapaswi kuchimba hivyo ili ajue anadaiwa nini.

Mtaniuliza kwa nini basi nisiwatake wabadili bei kabisa. Kwa sababu anayebadili ndiye anayechagua kiwango. Tayari yako maduka ambayo ukifika kwenye malipo yanakuuliza kama ungependa kulipa kwa dola za Kanada. Inaonekana ni hisani, lakini mara nyingi kiwango chao ni kibaya kuliko cha kadi, na faida wamekwishaificha humo. Mimi nashauri uchague sarafu ya muuzaji, hasa kama una kadi isiyotoza ile asilimia 2.5. Kadi hizo zipo hapa, ulizieni.

Isitoshe, bei ya Kanada iliyopangwa na muuzaji si lazima iwe ya haki. Septemba 2007 dola yetu ililingana na ya Marekani kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini hivi, na watu wakaona wazi nyuma ya vitabu, ambako bei zote mbili huchapishwa, kwamba Mkanada bado anatozwa zaidi kwa kitabu kilekile. Malalamiko yalikuwa makubwa hata waziri wa fedha wa wakati huo, Jim Flaherty, akawabana wenye maduka hadharani. Bei zile mbili zilikaa ubavu kwa ubavu, kila moja na jina lake, ndiyo maana watu walipata cha kudai.

Namtenga mmoja tu: duka lenye anwani inayoishia na .ca na bendera ya Kanada juu ya ukurasa. Hilo linajinadi kwamba ni la hapa, basi litoze dola za hapa.

Na benki nazo zisisahaulike. Kwenye taarifa ninayoletewa, asilimia 2.5 imemezwa ndani ya kiwango, sioni mstari wake. Ukirudisha bidhaa, pesa inageuzwa upya kwa kiwango cha siku hiyo, na benki nyingi zinakata asilimia yao tena, hivyo muuzaji anarudisha kila senti na wewe unapokea pungufu. Naomba mistari miwili tu kwenye kila taarifa ya kadi: kiwango kilichotumika, na makato ya benki.