Dalali wa mizigo: unamlipa kwa kazi gani hasa?

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele na maharage. Nanunua nyanda za juu kusini, Igurusi, Ubaruku hadi kule Mbozi, nauza Dar es Salaam. Kila msimu wa mavuno wenzangu wanaoingia kwenye biashara hii wananiuliza jambo moja: magari yamejaa barabarani, kwa nini nimpe dalali pesa anitafutie gari? Nawajibu kwamba dalali mzuri namlipa kwa moyo mweupe, na dalali mbaya simpi hata mfuko mmoja. Ili uwatofautishe, lazima kwanza ujue kazi yao inavyokwenda.

Anza na barabara yenyewe. Malori mengi unayoyaona kati ya Dar es Salaam na Tunduma yanapeleka mzigo wa bandarini Zambia na Congo. Yakishashusha, mengine yanarudi na shaba, mengine yanarudi matupu. Mwenye gari linalorudi tupu tayari ana hasara ya dizeli na posho ya dereva, kwa hiyo mzigo wowote utakaomrudishia gharama hizo ni nafuu kwake. Ndiyo sababu nauli ya kuteremka kutoka Mbeya huwa chini kuliko ya kupanda. Lakini wewe uliyesimama kando ya barabara unaliona gari tu. Hujui kama lina nafasi, hujui linalala wapi, hujui mwenyewe amekubali lisimame Igurusi au amemwambia dereva arudi moja kwa moja kuwahi kontena. Dalali anajua. Jana usiku ameshaambiwa ni gari gani limeshusha mbolea Vwawa na lipi limevuka mpaka wa Nakonde, upande wa Zambia, likiwa tupu. Mwenye gari naye yuko Dar es Salaam, hamjui mwenye mashine ya kukoboa wala mwenye ghala huku kwetu. Dalali anakaa katikati ya watu wawili wanaohitajiana na hawajawahi kuonana.

Na bei inabadilika kwa misimu, hapo ndipo dalali mwenye uzoefu anaonekana. Mpunga unapovunwa, kuanzia Mei kwenda mbele, kila mtu anataka gari kwa wakati mmoja na nauli inapanda. Korosho zikianza kutoka Mtwara na Lindi, kuanzia Oktoba, malori mengi yanaelekea kusini kufuata mzigo huo na huku kwetu yanapungua. Lakini kipindi hichohicho, kabla ya mvua, mbolea inapandishwa kwa wingi kwenda Mbeya, Songea na Sumbawanga, na magari yaliyoipeleka yanatafuta cha kuteremka nacho. Dalali ninayemtegemea hunipigia mapema: mama, kaa na mzigo wako siku chache, magari ya mbolea yanakuja. Ushauri wa namna hiyo umeniokolea pesa nyingi kuliko ile anayoichukua kwangu.

Anaichukua vipi? Kwa wengi wao ni tofauti ya bei. Tuseme wewe unalipa shilingi milioni 2.4 na yeye amekubaliana na mwenye gari milioni 2.1. Hiyo laki tatu inayobaki ndiyo riziki yake, na humo ndimo zinamotoka simu zake, nauli zake za kuhangaika, na hasara pale gari linapomkimbia akalazimika kukutafutia jingine kwa bei ya juu. Wengine wanatoza kamisheni kwa gari, tena wako wanaochukua kwa mwenye gari pekee. Sioni ubaya katika njia yoyote kati ya hizi. Sipotezi muda kumchunguza amebakiza kiasi gani. Ninachotaka ni bei moja iliyokamilika: makuli wa kupakia na kushusha wanalipwa na nani, turubai ni la nani, na gari likilala siku mbili kwa mteja wangu kabla ya kushusha, gharama ya kulilaza ni juu ya nani. Ushuru wa mazao wa halmashauri ni juu yangu, na risiti yake naihakikisha mwenyewe kabla gari halijatoka, maana getini dereva hatasikilizwa bila hiyo karatasi.

Suala la mizani ya barabarani inayopima malori linataka maelezo ya kutosha, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inahesabu ekseli kwa ekseli: ya usukani tani 8, zile mbili za matairi pacha tani 18, zile tatu za trela tani 24. Semi, yaani lori lenye trela moja, ya ekseli sita kwa hiyo inaishia tani 50, gari na mzigo pamoja. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, unabaki na takribani tani 30 za mzigo. Sasa chukua magunia 280 uliyomwambia dalali ni ya kilo 100. Hizo ni tani 28, safi kabisa. Lakini kama ni lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo, kila gunia lina kilo 115 au 120, umeshapanda juu ya tani 32 na gari litashikwa mizani ya kwanza. Faini itakuja, mzigo utapunguzwa, na dereva atakupigia wewe. Mpe dalali uzito wa kweli, uliopimwa. Na umwombe asimamie upakiaji, kwa sababu mzigo unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ekseli moja ikazidi, ukiwa umerundikwa nyuma au mbele.

Sasa nifike kwenye kile ambacho kwangu ndicho kipimo cha dalali. Msimu mmoja gari lililobeba maharage yangu lilikatika shafti pale mlima Kitonga. Dereva alikuwa ameshanyong'onyea. Dalali wangu hakunipa hadithi. Alipiga simu zake, akapata gari lililokuwa linateremka na nusu mzigo kutoka Makambako, akatuma kijana wa kusimamia kufaulisha, yaani kuhamishia magunia kwenye gari jingine, akahesabu magunia pande zote mbili na kunitumia picha. Mzigo ulifika Dar es Salaam umechelewa, lakini umetimia. Rafiki yangu alipatwa na jambo kama hilo kwa dalali mwingine, aliyemtoza nauli ya chini kuliko yangu. Simu ya yule dalali ilizimwa siku ileile na ikabaki imezimwa. Kila ninapomtafuta dalali mpya, kabla ya bei namuuliza: gari likiharibika njiani unafanya nini, na nani analipa kufaulisha? Anayeanza kubabaika hapo simpi mzigo.

Jambo lingine la kuogopa ni mzigo kupita mikono mingi. Unampa dalali wako, naye hana gari, anampa mwenzake wa Mbeya mjini, huyo naye anamtafuta wa Tunduma. Kila mmoja anabakiza chake, na mwenye gari anakubali pesa ambayo haitoshi. Hatari yenyewe utaikuta Dar es Salaam: umelipa kila kitu, lakini mmoja wa katikati hajafikisha, na dereva anakataa kufungua turubai mpaka bosi wake apate pesa. Kisheria unaweza kuwa na haki, ila mteja wako anasubiri na mchele uko juu ya gari la mtu. Kwa hiyo uliza waziwazi kama anazungumza na mwenye gari mwenyewe, na uombe namba ya mwenye gari. Dalali mwaminifu anaweza kusita kidogo akiogopa utamruka safari ijayo. Mhakikishie hutamruka, na usimruke kweli. Piga simu hiyo mara moja, thibitisha namba za gari na za trela, jina la dereva, na kiasi walichopatana cha kutanguliza.

Kabla ya gunia la kwanza kupanda napiga picha kadi ya gari, leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, leseni ya dereva, na dereva mwenyewe akiwa mbele ya gari lake. Wapo wezi wanaokuja na namba za bandia, wanapakia kwa adabu zote na hawaonekani tena. Malipo nayagawa: sehemu ya kutanguliza kwa ajili ya mafuta na njia, salio baada ya mteja wangu kuhesabu na kusaini. Na bima ya gari isikudanganye. Ile ya kawaida hailindi magunia yako. Bima ya mzigo ulio safarini ni mkataba mwingine, na kwa mzigo wa tani 30 mimi siiachi.

Ndugu yangu anayeendesha lori Marekani aliniambia kwamba huko dalali wa mizigo lazima asajiliwe na mamlaka ya shirikisho na aweke dhamana ya dola 75,000, ili asipomlipa mwenye gari ipo pesa ya kudai. Dhamana hiyo ilikuwa dola 10,000 kabla ya kupandishwa mwaka 2013. Natamani sana kila dalali wa kijiweni kwetu awe na kitu cha namna hiyo nyuma yake. Kwa sasa wengi wana simu na jina lao, basi. Tafuta mwenye ofisi, TIN (namba ya mlipa kodi) na risiti, aliyekaa mahali pamoja miaka mingi, na uwaulize madereva wanamsemaje, si wenye mizigo peke yao. Dereva anajua nani analipa na nani anakimbia.

Ukiwa na mzigo wa uhakika kila wiki, njia ileile mwaka mzima, nenda ukafunge mkataba na mwenye magari moja kwa moja. Huko dalali hana la kukuongezea. Ukiwa na magunia kumi, tafuta Fuso inayokusanya mizigo ya watu wengi. Dalali anawafaa watu kama mimi: leo gari moja, mwezi ujao manne, kisha miezi miwili hakuna kitu. Huyo ukimpata, mlipe siku ileile mzigo unaposhushwa. Mwezi Juni magari yakiadimika atakuwa na watu wengi wanaomsubiri kwenye simu, na ataanza na yule ambaye hajawahi kumsumbua kwa salio.