Kioo cheusi, tarehe inarudi nyuma, fundi anataka kubadili madabodi: subiri kwanza mkuu

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili ili nisikurupuke. Umenunua kompyuta ya HP ya ofisi, ya mtumba, pale Kariakoo, na ina wiki tatu. Asubuhi ukiwasha feni inazunguka lakini kioo cheusi, mpaka uzime na kuwasha mara tatu au nne ndipo inakubali. Ikikubali, tarehe imerudi miaka ya nyuma na baadhi ya tovuti zinagoma kufunguka. Halafu maandishi ni makubwa kupita kiasi, alama ya barua pepe (@) huioni ilipo kwenye kibodi, na mashine yenyewe nzito. Fundi kakutajia laki moja na themanini ya madabodi, ule ubao mkuu wa ndani ambao kila kitu kimechomekwa humo. Hiyo hela usiitoe kwanza.

Mimi si fundi wa kusomea. Nina stesheneri huku Mbagala, mashine tatu, zote mtumba kama yako, na karibu kila nilichokijua nimekijua baada ya kuliwa hela. Hili lako la tarehe ndilo lililonitoa jasho zaidi, kwa hiyo nianze nalo.

Ilikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Vijana wamepanga foleni mpaka kwenye meza ya muuza chipsi, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Nawasha mashine, tovuti haifunguki, brauza inaniambia muunganisho si salama. Nikasema bando limeisha, nikanunua jingine. Wapi. Nikabadili modemu, nikahamia mtandao wa simu, vilevile. Wiki moja kabla fundi alikuwa ameshanipiga elfu themanini kwa tatizo hilohilo. Alifuta Windows akaweka upya, na CV za wateja zikaenda na maji. Sasa limerudi. Binti mmoja aliyekuwa anasubiri akainama, akaangalia kona ya chini ya kioo, akaniambia, "Kaka, samahani, mbona kompyuta yako iko mwaka 2012?"

Nilirekebisha tarehe, nikafungua tovuti upya, ikafunguka palepale. Niliona aibu, ila foleni ilianza kutembea.

Sababu yake ni hii. Tovuti yenye kufuli juu pale huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine ikiamini tuko 2012, inaona cheti hicho hakijaanza hata kutumika, basi inakukatalia. Mtandao hauna kosa, wala Windows. Na tarehe inapotea kwa sababu ndani kwenye madabodi kuna kibetri cha mviringo kama sarafu, kimeandikwa CR2032, kazi yake kuiweka saa hai wakati mashine haina umeme kabisa. Huko walikotumia mashine hizi zamani mara nyingi huwa zimechomekwa ukutani usiku na mchana, kwa hiyo saa inakula umeme wa ukutani na kibetri hata kikifa hakuna anayejua. Sisi huku tukifunga duka tunachomoa kila kitu, maana umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo hujui utaunguza nini. Ndipo ubovu wa kibetri unapojitokeza. Ukitaka kuhakikisha bila kufungua chochote, rekebisha tarehe, kisha zima mashine kwa njia ya kawaida leo usiku lakini iache imechomekwa na swichi ya ukutani iwe imewashwa. Kesho tarehe ikiwa sawa, umeshapata jibu.

Mimi nilikipeleka kwa jirani yangu fundi redio, akakipima kwa mita: volti 1.8. Kipya husoma 3 na kidogo juu. Nilinunua kingine kwa elfu mbili. Kukibadili: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe, fungua ubavu wa kasha (hilo ambalo wengi tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kidude kidogo chini ya feni), sukuma kishikizo kidogo pembeni, kibetri kinaruka chenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu kama ulivyokikuta. Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kulalamika kuhusu saa na kukutaka ubonyeze F1. Bonyeza, endelea.

Ukishaingia, weka tarehe na saa, na kwenye ukanda wa saa chagua Nairobi, UTC+03:00. Usipoteze muda kutafuta Dar es Salaam kwenye orodha ile, sisi tumewekwa chini ya jirani.

Sasa kioo cheusi. Hapa watu wengi huruka hatua. Angalia taa ya kioo chenyewe kwanza. Kama haiwaki kabisa, tatizo ni umeme wa kioo, au mtoto kabonyeza kitufe chake. Usicheke, kuna mzee alibeba kasha kutoka Kongowe mpaka kwangu kwa bodaboda, na kioo alichoacha nyumbani ndicho kilichokuwa kimezimwa. Kama kioo kinaandika kwamba hakipati signali, basi kina uzima, ila hakuna picha inayotoka kwenye kasha. Kaza waya pande zote mbili. Na tazama nyuma ya kasha: ukiona sehemu mbili za kuchomeka waya wa kioo, moja juu pamoja na matundu ya flashi na nyingine chini imelala peke yake, ujue mtu aliongeza kadi ya picha. Chomeka kwenye ile ya chini.

Lakini wewe umesema ukirudia mara tatu nne inakubali. Hiyo ya kukubali kwa kubembelezwa inanifanya nishuku ramu, yaani vibao vya kumbukumbu ya muda vilivyochomekwa kwenye madabodi. Madabodi iliyokufa imekufa, haibembelezeki. Sisemi haiwezekani kabisa, nasema anza na cha bure.

Subiri usikie: mashine nyingi za ofisi zikikosa ramu hupiga mlio au hupepesa taa kwenye kitufe. HP yangu ya zamani ilikuwa inalia mara tano, taa nyekundu inapepesa mara tano, inanyamaza, inaanza tena. Mashine ilikuwa inaniambia ugonjwa wake na mimi naipiga ngumi ubavuni.

Chomoa umeme, shika chuma cha kasha kwa mkono mtupu ili umeme tuli ulio mwilini uondoke, kisha tafuta vibao vya ramu, vile virefu vyembamba vilivyosimama wima. Bonyeza vishikizo vya mwishoni, kinajiachia. Ukingoni kuna meno ya rangi ya dhahabu. Kwangu hayakuwa dhahabu tena. Yalikuwa na ukungu wa kahawia kama sufuria iliyosahauliwa, maana joto la hapa lina unyevunyevu na vumbi linaganda. Nikachukua kifutio cheupe cha penseli, kile nauza mia mbili, nikasugua taratibu upande huu na upande huu mpaka yakang'aa, nikapuliza uchafu wa kifutio, nikarudisha. Kina pengo moja ambalo haliko katikati kabisa, kwa hiyo hakiwezi kuingia kinyume; kikigoma, usikilazimishe, kigeuze. Bonyeza pande zote mbili mpaka usikie "ta!". Mashine iliwaka mara ya kwanza. Kama una vibao viwili, weka kimoja kimoja ujaribu, kisha uhamishe tundu. Hivyo ndivyo utakavyojua kama kibovu ni kibao au ni tundu. Ukimaliza yote hayo na kioo bado cheusi, hapo sasa ongea na fundi habari ya madabodi, na umwombe akuonyeshe kwa macho.

Onyo moja ambalo halihusiani na swali lako, ila naliweka kwa wengine watakaopita hapa. Mashine iliyotoka Marekani, hasa za zamani, tazama nyuma karibu na tundu la umeme kama kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka kikiwa kwenye 115, utasikia mlio kama wa baruti na harufu yake haitoki dukani siku mbili. Na lile boksi la pawa saplai, linalopokea waya wa umeme, usilifungue hata kama umechomoa waya, ndani hubaki umeme.

Haya, setingi. Maandishi kuwa makubwa kupita kiasi mara nyingi si macho yako wala kioo. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye dekstopu, chagua "Display settings", tazama "Display resolution". Chagua ile iliyoandikwa "Recommended". Ukikuta umefungiwa kwenye 1024 × 768 au chini yake na huwezi kupanda, draiva ya picha (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) haipo, Windows inatumia ya dharura. Nenda tovuti ya HP, ingiza modeli ya mashine yako, pakua ya kwao. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, achana nazo; nyingi huja na takataka nyingine ndani. Kama wewe unapenda herufi kubwa kwa sababu ya macho, acha "resolution" hapohapo pazuri, ongeza "Scale" iwe asilimia 125. Picha itabaki kali na maandishi yatakua.

Alama ya barua pepe: mashine yako bila shaka imetoka Uingereza. Kwenye kibodi zao alama hiyo iko karibu na Enter, na juu ya namba 2 kuna alama za kufungua na kufunga semi. Windows ikiwekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, viwili hivyo vinabadilishana, unabonyeza hiki kinatoka kile. Ingia setingi za lugha, ongeza kibodi ya Uingereza, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi kuhama kutoka hii kwenda ile. Wateja wangu wawili walishatembea na waraka wa Word wenye alama hiyo peke yake, wanaikopi na kuipesti kila wakiandika barua pepe.

Aikoni zikipotea zote kwenye dekstopu siku moja, usipige kelele kwamba umeingiliwa na virusi. Kitufe cha kulia cha mausi, "View", weka tiki kwenye "Show desktop icons". Zimerudi.

Uzito. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka "Task Manager". Tazama safu ya "Disk". Ikikaa asilimia 100 muda wote huku wewe hufanyi kitu, basi "hard disk", ile diski ya zamani inayozunguka, imezidiwa. Nenda "Startup", zima vyote ambavyo huvihitaji asubuhi, antivairasi iache. Kisha kwenye setingi za mtandao unaotumia washa "Metered connection", ili Windows isipakue masasisho makubwa kwa bando lako wakati unahangaika kufungua ukurasa mmoja. Ila usiiache hivyo mwaka mzima. Siku ukipata intaneti ya bei nafuu, zima setingi hiyo, iache Windows isasishe. Baada ya hapo ikibaki nzito, nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Mimi niliweka ya GB 240 kwenye mashine ile ile iliyokuwa inawaka huku nachemsha chai, sasa inawaka kabla sijavua kofia ya pikipiki. Hela uliyotaka kumpa fundi inatosha SSD na chenji inabaki.

Wakati unafanya hayo, angalia ni Windows ipi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na prosesa, yaani ile sipiyu yenyewe, iwe mpya kiasi. Kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Mitumba mingi ya Kariakoo iko chini ya hapo, na muuzaji hatakwambia. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, utaona kama ipo na ni toleo gani. Kama haipo, utabaki na Windows 10 hiyohiyo; mashine si ya kutupa, ila mambo ya benki usifanyie humo.

Fanya kwa mpangilio huu mkuu: usiku wa leo jaribio la kuiacha imechomekwa, kesho kifutio. Kabla hujagusa chochote ndani piga picha kwa simu, ujue kila waya ulikuwa wapi. Kisha rudi hapa utuambie inalia mara ngapi na taa ya kitufe ni ya rangi gani. Mimi niko dukani mpaka saa mbili usiku, nitaona.