Farasi walipitaje handaki la Braunston?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma kwamba kijiji cha Braunston, Northamptonshire, Uingereza, kiko kwenye makutano ya mifereji ya Oxford na Grand Union. Zamani mashua zilikokotwa na farasi. Ndani ya handaki, pale mfereji unapopita chini ya kilima, farasi walipita wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawakupita. Handaki lile, lililofunguliwa 1796, lina urefu wa karibu mita 1,870 na halina njia ya miguu. Farasi alifunguliwa kamba akapandishwa kilima. Njia yake ingalipo, nimeitembea, nikapita karibu na mabomba ya matofali ya kupitishia hewa. Chini, gizani, wanaume walilala chali juu ya ubao wakisukuma ukuta kwa nyayo, hatua kwa hatua, mashua imesheheni makaa. Kazi ya kuvunja kiuno ile! Waliotoka upande wa kijijini walikuwa wameshapanda milango sita ya maji, ile inayoinua mashua kutoka kina kimoja hadi kingine.

Ukifika, usiishie kwenye madaraja ya chuma ya makutano. Panda hadi kanisa la All Saints. Familia nyingi zilizoishi mashuani zilibatiza watoto, zikafunga ndoa na kuzika wafu wao hapo. Mnara wake uliochongoka huonekana kutoka mbali mferejini.