Usikodi seva nyingine kabla hujaangalia data yako

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, kazi yetu ya Spark inakesha hadi asubuhi, na meneja anataka tukodi seva mara mbili ya tulizonazo. Unashaurije?" Nashauri msikodi. (Spark, kwa asiyeijua, ni programu inayogawa uchakataji wa data nyingi kwa mashine kadhaa.)

Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja Dar es Salaam ambayo miamala yake yote ilirundikwa kwenye faili za CSV, yaani maandishi matupu yaliyopangwa mstari kwa mstari. Kila ripoti ikichelewa, wakubwa wanaongeza mashine, na bili ya dola inapanda. Niliposema shida ni mpangilio wa data, nilijibiwa kikaoni, mbele ya wenzangu, kwamba mimi ni mtu wa ripoti, mitambo niwaachie wenyewe. Bado linaniuma.

Sikunyamaza. Nilizigeuza faili zile kuwa Parquet, aina ya faili ambayo hupanga data kwa safu wima: ripoti inayotaka tarehe na kiasi husoma hizo mbili tu. Halafu nikazigawa kwa siku, ripoti ya jana ikawa inafungua folda ya jana. Kazi iliyokuwa ikikesha ikawa inaisha mapema usiku, kwa mashine chache kuliko mwanzo. Najivunia hilo hadi leo.

Klasta, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi hiyo, nayo izimwe kazi ikiisha. Data mkiiweka S3, ghala la faili la Amazon mtandaoni, itabaki salama. Mashine za Spot, zile za ziada ambazo Amazon hukodisha kwa bei nafuu, zina punguzo linaloweza kufika asilimia 90, ila huweza kunyang'anywa kwa onyo la dakika 2. Basi huko peleka mashine za kuchakata tu. Draiva wa Spark, yaani programu inayoongoza mashine nyingine, abaki kwenye mashine ya bei ya kawaida, maana akiondoka yeye kazi nzima imekufa. Na msikimbilie vituo vya Amazon vya Cape Town kwa sababu tu ni Afrika. Ripoti ya usiku haidai ukaribu, linganisheni bei kwanza.

Vijana, ijueni data yenu! Fedha haitibu uvivu wa kuichunguza.

Nawe ndugu yangu, fungua ukurasa wa Spark unaoonyesha muda wa kila kipande cha kazi. Ukikuta vyote vimeisha kwa dakika moja na kimoja kinaburuza saa nzima, ujue rekodi zimelundikana kwenye ufunguo mmoja (thamani ambayo Spark hutumia kugawa rekodi), labda wakala mmoja mwenye miamala kupita wote. Seva mpya zitakaa bure zikikisubiri hicho kimoja, huku mnalipia. Mwonyeshe meneja ukurasa huo kabla hajasaini.