Kuhama distro: shughulikia home kabla ya kisakinishi

Anayehama distro (toleo la Linux), mfano Ubuntu kwenda Fedora au Debian, huhangaikia kisakinishi, ilhali hicho ndicho chepesi kuliko vyote. Kinachouma ni kukuta vilivyomo kwenye home (folda ya faili na mipangilio yako), yaani alamisho, nywila na funguo za SSH (za kuingia kwenye seva), vimefutika pamoja na diski.

Kwanza nakala rudufu, kwenye diski ya nje iliyofomatiwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux). ExFAT haihifadhi ruhusa wala umiliki wa faili. Funga kivinjari, kisha:

`sudo rsync -aHAX --info=progress2 /home/ /media/nakala/home/`

Njia ya pili iwe pale diski yako ilipounganishwa. Usisahau mkwaju (/) mwishoni mwa njia ya kwanza, la sivyo utapata folda ya home ndani ya home.

Kwa Firefox, wengi hunakili `~/.mozilla` wakidhani wamemaliza. Ubuntu huileta kama snap (kifurushi kinachojitegemea), kwa hiyo wasifu, yaani folda ya data zako za Firefox, uko `~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox`. Data za programu za Flatpak (aina nyingine ya vifurushi vya namna hiyo) nazo ziko `~/.var/app`. Hakiki kwa macho kwamba zimo kwenye nakala.

Orodha ya programu unaipata kwa `apt-mark showmanual > programu.txt`. Itumie kama kumbukumbu tu, usiilishe dnf (kisakinishi cha programu cha Fedora) nzimanzima, maana majina hutofautiana: `libssl-dev` ya Ubuntu ni `openssl-devel` kwenye Fedora.

Ukishapakua ISO (faili ya kusakinishia distro), linganisha `sha256sum` yake (alama ya kuhakiki faili) na iliyotangazwa. Kabla ya kuiandika kwenye fleshi kwa `dd`, tazama `lsblk` ujue jina la fleshi. Herufi moja ikikosewa, diski nzima imekwenda. Washa kompyuta kwa fleshi hiyo, ujaribu Wi-Fi, sauti, na kuilaza kisha kuiamsha. Wi-Fi za Broadcom ni wasumbufu wa siku zote, hivyo weka simu na kebo ya USB karibu ili ikugawie intaneti.

Kama Windows inabaki, nakili ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) mahali pengine, na patisheni ya EFI (sehemu ya diski inayowashia mfumo) usiifomati.

Je, utumie tena patisheni ya zamani ya `/home`? Inawezekana: ichague, iunganishe kama `/home`, ondoa alama ya kufomati, na tumia jina lilelile la mtumiaji. Kwenye Fedora malizia na `sudo restorecon -Rv /home`, maana faili za zamani hazina lebo sahihi za SELinux (mfumo wa ulinzi wa Fedora). Hata hivyo, ni heri home mpya. Mipangilio ya GNOME au KDE (mazingira ya eneo-kazi) ya toleo jingine ikiingia na `.config` nzima, paneli hupotea na ikoni huvurugika, na chanzo hukioni kirahisi. Rudisha nyaraka, `.ssh`, `.gnupg` (funguo za usimbaji) na wasifu wa Firefox. Mengine yarudi yakihitajika.

Funguo binafsi za SSH zipe `chmod 600` na folda yake `700`, vinginevyo ssh itazikataa. Wasifu wa Firefox uchague kupitia `about:profiles`. Debian hutumia toleo la Firefox la ESR (la usaidizi wa muda mrefu), ambalo huwa nyuma, nalo hugoma kufungua wasifu wa toleo jipya zaidi. Kwa hiyo hamisha pia alamisho kama faili ya HTML mapema.

Mwenye kadi ya Nvidia kwenye Fedora: ukishasakinisha `akmod-nvidia` (kiendeshi cha kadi) kutoka RPM Fusion (hazina ya programu za ziada), usiwashe upya papo hapo. Moduli ya kiendeshi bado inajengwa, na ukikimbilia kuwasha unaweza kukutana na skrini nyeusi. Subiri hadi `modinfo -F version nvidia` ioneshe namba ya toleo.