Ulikuwa na kina mama wangapi?

Mwaka wangu wa pili wa kazi ya uuguzi hapa Moshi, asubuhi moja ya Julai yenye ile baridi ya kuuma vidole, nilisemwa mbele ya watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa viatu, maana macho yalikuwa chini. Hospitali siitaji, na daktari aliyenisema simtaji. Naye usiku ule alikuwa hajalala.

Kosa lilikuwa patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama. Mwenzangu wa zamu aliitwa tieta, yaani chumba cha upasuaji, kupokea mtoto, nikabaki peke yangu leba, wanakojifungulia kina mama. Patografu inataka mapigo ya moyo ya mtoto yaandikwe kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, njia ipimwe kila saa nne. Ukiwa na mama mmoja, hakuna shida. Mimi nilikuwa nao watano, wawili wakisukuma kwa wakati mmoja. Mapigo nilisikiliza, fetoskopu iliniachia alama sikioni mpaka kunakucha. Ila mama wa kitanda cha tatu sikumwandikia chochote tangu saa nane usiku mpaka saa kumi na nusu. Mtoto alizaliwa salama, akalia vizuri tu. Lakini karatasi ilibaki nyeupe, na kwa anayesoma faili, karatasi nyeupe maana yake hukupima.

"Hivi wewe uuguzi ulisomea wapi?"

Wanafunzi wakacheka, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Kufika mchana, picha ya ile karatasi ilikuwa imerushwa kwenye kundi la WhatsApp la wodi, na namba ya faili ya mama wa watu inaonekana kabisa.

Nilijifungia chumba cha kuoshea vifaa. Aliyenifuata ni mkunga mkongwe ambaye wodi nzima tulimwita Shangazi. Hakunibembeleza. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akanipa, akauliza, "Ulikuwa na kina mama wangapi?"

"Watano, Shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Karatasi ulijaza?"

"Sikujaza."

"Basi hilo ni lako. Hayo ya umesomea wapi ni ya kwake, mwachie."

Nimefanya kazi miaka mingi tangu siku ile, na sijapata ushauri mwingine unaoufikia. Angalia mpangilio wake: kwanza aliuliza mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, ndipo akauliza kosa. Wengi wetu tunaanza na kosa, na mzigo hatuuulizi kabisa.

Nikishasemwa, mpaka leo, huwa nachukua karatasi na kuandika yale tu yanayohusu kazi. Yanayonihusu mimi, ukoo wangu au chuo changu nayaruka. Kwenye dakika kumi za ukali mara nyingi linabaki jambo moja. La siku ile lilikuwa: andika pale pale kitandani. Tangu hapo nikawa nabandika kipande cha plasta kwenye epuroni, naandika saa na mapigo kwa kifupi, nikipata nafasi nahamishia kwenye faili. Na kama nafasi imepita, naandika kwamba nimechelewa kuandika na saa ninayoandika. Kubuni namba ili karatasi ipendeze ni kosa baya kuliko kuiacha tupu. Hilo nalisema kwa ukali, mnisamehe.

Aliyenisema nilimfuata siku mbili baadaye, wote tukiwa tumeshalala vya kutosha. "Shikamoo dokta. Lile la patografu nimelirekebisha. Naomba siku nyingine uniite pembeni." Akaitikia marahaba, akarudi kwenye simu yake. Hakuomba radhi. Lakini hakunisema tena mbele za watu, na mimi nilipata usingizi. Ushauri wangu ni usijibu palepale kwenye ripoti ya asubuhi. Pale kila mtu anatetea heshima yake, na hakuna anayesikiliza.

Sasa niseme la kwangu. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi aliniletea sindano bila kuandika jina la dawa juu yake. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hicho chuo chenu mnafundishwa nini?" Maneno yaleyale, yamebadilishwa nguo tu. Binti akainamisha macho kwenye viatu. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya haohao waliosikia, kwa sababu ningemwomba chumbani ningekuwa najisitiri mimi.

Kuhusu kusaidiana, watu wa afya tunajidanganya kidogo. Kwenye msiba tunachangiana vizuri sana, harusi vilevile, na kipaimara cha mtoto wa mwenzetu bahasha inazunguka wodi nzima kwa siku moja. Lakini saa tisa usiku mwenzako ana wawili wanasukuma, na wewe uko kwenye simu kwa sababu kile si kitanda chako.

Kilichotusaidia tulikiazima tieta. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, na mojawapo ya hatua zake ni kila aliyemo chumbani kutaja jina na kazi yake kabla ngozi haijakatwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa hapa kwetu Ifakara, na matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mambo mengi, sisemi ni majina peke yake. Ila mtu aliyekwisha kufungua mdomo mwanzoni haoni taabu baadaye kusema, "Dokta subiri, naona damu nyingi."

Basi nasi tukawa tunaanza zamu ya usiku kwa kutaja majina, vitanda na nani atamshika nani mkono. Tukakubaliana neno moja, "nimezidiwa". Anayelisema haulizwi kwa nini, unaenda kwanza, maswali asubuhi. Na picha za faili kundini marufuku. Siri ya mgonjwa kuvuja ni kosa kubwa kuliko nusu saa isiyoandikwa.

Yapo yasiyomalizwa kwa chai, kama matusi, kushikwashikwa, au kupangiwa naiti mfululizo kwa kukomolewa. Hayo andika tarehe, tafuta shahidi, nenda kwa matroni au kwenye chama chako.

Juzi, wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi mwenye miezi minne kazini alisema mwenyewe kabla hajaulizwa, "Kitanda cha nne sikuandika tangu saa tisa." Pakawa kimya. Inchaji, msimamizi wa wodi, akainua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Ulikuwa na wangapi?"

"Wanne."

Plasta bado ilikuwa imebandikwa kwenye epuroni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Inchaji akamwambia asiitupe, akae ahamishie kwenye faili kabla hajaenda kulala. Tukahamia kitanda cha tano.